Kata, Bandika, Pakua: Istilahi za Kutengeneza Kitabu cha Mapishi kwa Mkono

Katika makala haya tunakusudia kuyachunguza maneno ya kazi moja ndogo, nayo ni kutengeneza kitabu cha mapishi kwa mkono. Maandishi yake hupangwa kwa kompyuta au kwa simu, yakachapwa katika duka la steshenari. Kisha karatasi hukunjwa, zikashonwa na kutiwa jalada nyumbani. Kazi ya namna hii hulifaa darasa la sayansi kimu, na pia jamaa wanaotaka kuyaandika mapishi ya wazee wao kabla hayajasahaulika. Vifaa vyake vyapatikana Mwenge na Tandika bila ya taabu: karatasi, manila, gundi, mkasi, uzi, na kipande cha kitenge cha kufunikia jalada. Lakini mwalimu au mfasiri atakayeketi kuandika maelekezo ya kazi hiyo kwa Kiswahili atakutana na jambo la ajabu kidogo, kwani maneno yale yale yatamrudia jikoni, mezani na katika kioo cha kompyuta.

Tulichukue neno bandika. Mpishi hubandika sufuria jikoni, na chakula kikiiva huiepua. Mwenye gundi hubandika picha juu ya karatasi. Mwenye kompyuta hukata maandishi mahali pamoja akayabandika mahali pengine, na programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili humwonyesha maneno hayo hayo. Neno pakua nalo limesafiri vivyo hivyo: hamali hupakua shehena bandarini, mama hupakua wali, na mtumiaji wa intaneti hupakua faili. Tui huchujwa, na orodha ndefu ya majina huchujwa pia. Ama kata, watumishi wa serikali watatukumbusha kwamba ni eneo la utawala lililo chini ya tarafa, na wazee watasema kwamba kata ni kifuu chenye mpini cha kuchotea maji.

Wapo wanaoiona hali hii kuwa ni upungufu wa lugha, wakataka kila fani iundiwe neno lake. Sisi hatukubaliani nao. Neno la kompyuta lililotoka jikoni halimhitaji mtoto wa Mbagala afundishwe maana yake upya. Ameisikia tangu hajaanza shule. Wakati wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisini iliyofasiriwa kwa Kiswahili, ilidhihirika kwamba lugha yaweza kuibeba kazi hiyo, na kwamba sehemu kubwa ya mzigo itachukuliwa na maneno ya zamani.

Hata hivyo, hatari ipo pale ambapo maana mbili zaweza kusimama mahali pamoja. Sentensi kama "Kata picha ya pilau, uibandike kwenye ukurasa wa 3" haimwambii mwanafunzi ashike mkasi au afungue kompyuta, na katika kitabu hiki yote mawili yawezekana. Dawa yake ni kutaja chombo: kata kwa mkasi, bandika kwa gundi, bandika katika faili. Maelekezo yatarefuka kwa neno moja au mawili, lakini hayatapotosha.

Jozi inayoleta hasara ya fedha ni ukurasa na karatasi. Karatasi ni kitu cha kushikika. Ukurasa ni upande wake mmoja. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa 4 za A5, kila moja ikiwa na milimita 148 kwa 210. Kwa hiyo kitabu cha kurasa 16 kinahitaji karatasi 4 tu, na katika karatasi ya nje ukurasa wa 16 hukaa ubavuni mwa ukurasa wa 1. Mfasiri aliyeandika "karatasi" penye "kurasa" humfanya msomaji wake alipie mara nne.

Madukani hazungumzwi neno ila kubaindi. Hatulaumu, lakini lugha inalo neno jalidi, lenye asili moja na jalada, na linafaa hasa kwa kitabu kilichoshonwa. Matundu ya mgongo wa kitabu hutobolewa kwa msharasi wa fundi viatu, kisha uzi hupitishwa kwa sindano nene. Kwa kuwa kushona hula nafasi, pambizo la upande wa mgongo liwe pana kuliko la nje.

Sasa tuingie jikoni kwenyewe, ambako kosa la neno huharibu chakula. Tunaposema "mapishi" twamaanisha mengi. Likiwa moja, tunapendekeza pishi, katika ngeli ya li-ya: pishi hili la biriani. Litatofautishwa na pishi hii ya mchele, kipimo cha vibaba 4, kwa upatanisho wake. Hamira na bekingi pauda si kitu kimoja: ya kwanza huhitaji muda wa kuumua unga, ya pili haihitaji. Tumeona tafsiri zinazoviita vyote viwili hamira, na andazi la msomaji likabaki jiwe.

Katika vipimo, kijiko cha chai ni mililita 5 na kijiko cha mezani ni 15. Vitabu vinavyofuata mfumo wa metriki huchukua kikombe kuwa mililita 250, hali vikombe vya nyumbani havilingani. Yafaa kitabu kitaje mililita ukurasa wa mwanzo.

Lakini bibi wa Temeke hapimi kwa mililita. Akiulizwa kiasi cha chumvi au mchele huonyesha mkono, na mwandishi asiye makini huandika "kiasi", neno ambalo halimsaidii mpishi yeyote. Mkono ule una maneno yake. Konzi ni kile kinachoshikwa ngumi ikifumbwa. Ukufi ni kile kinachokaa juu ya kiganja kilichokunjuliwa. Mwandishi na aulize ni ipi, aandike neno lenyewe, kisha amwombe bibi amimine konzi yake katika kikombe cha kupimia, na mililita zake ziandikwe kando, kwenye pambizo, pamoja na jina la mwenye mkono.