Kijana Aliyekataa Kutoka Uwanjani

Mimi ni mpenzi wa tenisi, ingawa miguu yangu mwenyewe haijanipa sifa yoyote uwanjani. Watu wakiniuliza ni mchezaji gani ninayemheshimu kuliko wote, hudhani nitamtaja mtu mwenye vikombe vingi. Mimi humtaja Michael Chang wa Marekani, ambaye katika yale mashindano manne makubwa ya kila mwaka alipata kikombe kimoja tu.

Michael alizaliwa mwaka 1972 katika jimbo la New Jersey, na wazazi wake ni watu wa asili ya Kichina. Kimo chake ni sentimeta 175. Kwetu hicho ni kimo cha kawaida, lakini mbele ya majitu ya tenisi alionekana kama mtoto aliyetumwa kuokota mipira. Hakuwa na nguvu zao za kuanzisha mpira. Alichokuwa nacho ni mbio, na tabia ya kuufuata kila mpira, hata ule ambao mwingine angeuacha upite.

Mwaka 1989, akiwa na miaka 17, alikwenda Paris, mahali panapochezwa juu ya udongo mwekundu. Tarehe 5 Juni akakutana na Ivan Lendl wa Chekoslovakia, mchezaji wa kwanza duniani wakati ule, ambaye alikuwa amekwisha kushinda mashindano hayohayo mara tatu. Mshindi ni yule anayetangulia kupata seti tatu. Lendl akachukua mbili za kwanza, 6-4 na 6-4. Kijana akapata ya tatu, kisha ya nne, lakini misuli ya miguu ikawa imeanza kukakamaa. Akala ndizi, akanywa maji mengi. Wakati wa kupumzika alisimama, maana aliogopa kwamba akiketi hatainuka tena.

Katika seti ya tano alikuwa akiongoza 2-1, lakini maumivu yakamzidi. Akaanza kumwendea mwamuzi ili amwambie basi, siwezi tena. Njiani akageuka, akarudi mahali pake. Baadaye alieleza kwamba moyoni alisikia Mungu akimkataza, naye akatambua kuwa mtu akiacha kazi mara moja, mara ya pili itakuwa rahisi zaidi.

Alipofika 4-3 hakuweza tena kuanzisha mpira kwa kuupiga juu ya kichwa. Akaupiga kwa chini, polepole, kama mtu anayecheza na watoto wake uani. (Sheria yaruhusu, walionung'unika hawakuisoma.) Lendl akashtuka, akakimbilia wavu, na pointi ile ikaenda kwa kijana. Mwishoni Lendl mwenyewe akakosea kuanzisha mpira mara mbili mfululizo, na Michael akaanguka chini akilia. Walikuwa wamecheza zaidi ya saa nne na nusu.

Tarehe 11 Juni akamshinda Stefan Edberg wa Sweden katika fainali, naye pia kwa seti tano. Hakuna mwanamume aliyewahi kushinda mashindano makubwa kama hayo akiwa na umri mdogo kuliko yeye. Mbele ya watu wote akamshukuru Bwana Yesu.

Mimi nilifurahi mno, nikamsimulia habari hiyo mzee mmoja wa kanisa letu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Sasa, mwanangu, huyo Lendl Mungu alimkosea nini?" Nilikosa jibu, na nilikasirika kidogo, maana nilikuwa nimemwombea Michael ashinde.

Swali lile lilinifuata miaka mingi. Mwaka 1995 Michael alifika tena fainali ya Paris. Nikaomba, naye akashindwa na Thomas Muster. Mwaka 1996 akashindwa na Boris Becker katika fainali ya Australia, na na Pete Sampras katika ile ya New York. Mwaka huohuo alifika nafasi ya pili duniani, asipate kamwe ya kwanza. Hata hivyo hakuacha kumtaja Yesu. Nakiri kwamba mimi ndiye niliyeanza kunung'unika.

Siku hizi nikikumbuka mchezo ule, siwazi sana juu ya kikombe. Namwona akiwa njiani kwa mwamuzi, miguu ikimuuma, na hakuna aliyemwahidi kwamba akirudi atashinda. Angeweza kurudi na kushindwa. Nadhani mzee yule alitaka nifike hapo, ingawa sikuwahi kumwambia kwamba nimefika.

Michael alicheza kwa mara ya mwisho mwaka 2003, New York, katika raundi ya kwanza, na Fernando González wa Chile. Alikuwa na miaka 31. Alipoteza seti mbili za kwanza, kama ile siku ya Lendl, kisha akaipata ya tatu. Ya nne ilimshinda, akampa mwenzake mkono juu ya wavu.