Tope Halihesabu Nguvu Farasi

Kabla kipande cha Ndundu hadi Somanga hakijawekewa lami, masika katika barabara ya kwenda Kilwa na Lindi yalikuwa na kawaida yake: lori lenye injini kubwa linazama, pikipiki inapita kando yake. Jambo hili si bahati wala si ujanja wa dereva peke yake. Ni fizikia, na ushahidi wake mzuri uko katika mbio za magari za Safari, zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1954 Vic Preston alishinda kwa Volkswagen ile yenye umbo la mgongo wa kobe, injini yake haifiki hata nguvu farasi 40. Mwaka 1956 ikashinda DKW yenye injini isiyotimiza lita moja. Mwaka 1957 na 1962 Volkswagen ikarudia.

Tupige hesabu. Tairi haliwezi kusukuma gari kwa nguvu inayozidi mshiko wake na ardhi. Chukua gari kubwa la kilo 1,500, nusu ya uzito ikiwa juu ya tairi zinazosukuma, yaani nyutoni 7,500 hivi. Kwenye udongo wa mfinyanzi uliolowa, tukadirie mshiko kuwa sehemu tatu ya kumi ya uzito huo: nyutoni 2,250. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, msukumo huo unatumia takriban nguvu farasi 33 tu. Hata injini ikiwa na 100, zinazobaki zinazungusha tairi bure na kuchimba shimo. Volkswagen, pamoja na watu wawili na mizigo, tuseme ina kilo 1,000, lakini injini yake iko nyuma, juu ya tairi zinazosukuma, kwa hiyo asilimia 60 ya uzito inakaa hapo. Inapata nyutoni 1,800. Sasa gawanya: kila kilo ya gari kubwa inasukumwa na nyutoni 1.5, kila kilo ya gari dogo nyutoni 1.8. Dogo ndilo lenye nguvu zaidi, na linatumia karibu yote liliyo nayo! Lori lina shida nyingine pia, kwani mgandamizo wa tairi juu ya ardhi hukaribiana na upepo uliojazwa ndani yake. Tairi la lori hujazwa upepo mwingi mara kadhaa kuliko la gari dogo, ndiyo maana linazama, na ndiyo maana madereva hupunguza upepo wakifika kwenye mchanga.

Atakayepinga atataja Mercedes, iliyoshinda mfululizo mwaka 1959, 1960 na 1961, au Datsun 240Z ya lita 2.4, mwaka 1971 na 1973. Ni kweli, na haivunji hoja: ardhi ikikauka mshiko unapanda, na injini kubwa inapata pa kujishikiza. Pingamizi zito zaidi ni la mwaka 1974, Joginder Singh alipoishinda Porsche 911 kwa Lancer ya lita 1.6. Porsche nayo ina injini nyuma, kwa hiyo mshiko peke yake hauelezi ushindi huo. Hapo naona lazima tuhesabu uimara. Nishati ya gari linapogonga shimo hukua kwa mraba wa mwendo. Kutoka kilomita 80 hadi 120 kwa saa inazidi maradufu, na springi ndizo zinazolipa. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7. Katika mbio za namna hiyo, kufika kwenyewe ni nusu ya ushindi.

Kwa hiyo halmashauri za Kilwa, Lindi na Liwale zinapoagiza gari la wagonjwa kwa ajili ya vijiji vya ndani, ziulize kwanza uzito gani unakaa juu ya tairi zinazosukuma, na tairi hizo zinajazwa upepo kiasi gani. Ukubwa wa injini uulizwe baadaye.