Ngoma, Santuri na Redio: Jinsi Vyombo vya Sauti Vinavyobadili Sanaa

Katika Kiswahili neno ngoma lina maana pana. Ni chombo kinachopigwa, ni wimbo, ni uchezaji, na ni mkusanyiko wenyewe wa watu waliofika kucheza. Lugha haikuyatenganisha mambo hayo kwa sababu kwa karne nyingi hayakutengana. Vyombo vya kunasa na kueneza sauti ndivyo vilivyoyatenganisha. Ili kuelewa jinsi jambo hilo lilivyotokea, inafaa kuanza na ngoma isiyotumia mtambo wowote, kama ile inayoweza kupigwa ufukweni Bangwe, kwenye rasi iliyo kati ya Kigoma na Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika.

Duara la ngoma

Mpigaji anapoipiga ngozi, ngozi hutetema na kuisukuma hewa, na mawimbi ya sauti huenea kila upande. Kadiri yanavyoenea ndivyo nguvu yake inavyogawanyika katika eneo kubwa zaidi. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya sauti inayofika sikioni hupungua hadi robo. Ukiongezeka mara kumi, hubaki sehemu moja ya mia.

Usiku, hata hivyo, sauti ya ngoma ya ufukweni huweza kuwafikia wavuvi wa dagaa walio mbali ziwani. Sababu ni kadhaa. Maji matulivu huakisi sauti, ilhali majani na udongo laini huimeza. Makelele ya mchana yamekwisha. Aidha, usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Upepo huo huwa na kasi ndogo karibu na uso wa maji na kasi kubwa zaidi juu, na kwa sababu hiyo huyapinda mawimbi ya sauti yarudi chini badala ya kupotelea angani.

Lakini kusikia si kushiriki. Katika hewa yenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi, sauti husafiri kiasi cha mita 346 kwa sekunde. Mchezaji aliye mita 10 kutoka kwenye ngoma huisikia baada ya takriban sehemu tatu za mia za sekunde. Anaweza kupiga makofi na kuitikia bila kuharibu mwendo. Mvuvi aliye kilomita moja ziwani huisikia baada ya karibu sekunde tatu. Akiitikia, jibu lake litafika ufukweni baada ya sekunde nyingine tatu, wimbo ukiwa umekwisha kusonga mbele. Kwa hiyo duara la ngoma si desturi tupu. Ni umbo linalowaweka watu wote ndani ya umbali ambao kuitikiana kunawezekana. Humo mwimbaji huurefusha ubeti akiona watu wamechangamka, na huukatisha akiona wamechoka. Urefu wa wimbo huamuliwa na wote.

Santuri na dakika tatu

Mtambo wa kwanza kulivunja duara hilo katika Afrika ya Mashariki ulikuwa gramafoni. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa taarabu wa Unguja, alisafiri na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo za Kiswahili. Santuri za siku zile zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmja wa santuri ya kawaida ulichukua kama dakika tatu tu. Wimbo ambao barazani ungeendelea kwa muda mrefu, huku wasikilizaji wakisimama kutunza, ulilazimika kukatwa ulingane na santuri.

Miaka ya 1960 na 1970 santuri ndogo za mizunguko 45 ziliigusa vivyo hivyo mitindo ya bendi za dansi. Nyimbo nyingi za dansi zilikuwa na sehemu mbili: kwanza uimbaji wa taratibu, kisha chemko, pale magita yanapoongeza kasi na wachezaji kujaa ukumbini. Santuri ziliweka mara nyingi sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili upande wa pili. Mkono wa msikilizaji, unaoigeuza santuri, ukawa ndio unaoamua kama chemko itakuwapo.

Redio huchagua sauti

Utangazaji wa redio Tanganyika ulianza Dar es Salaam mwaka 1951. Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Bangwe ni zaidi ya kilomita 1,000, lakini mawimbi hayo hufika katika muda usiotimia sehemu moja ya mia ya sekunde. Katika matangazo ya moja kwa moja ya siku zile, msikilizaji wa Bangwe aliweza kuisikia bendi mapema kuliko mtu aliyeketi nyuma ya ukumbi uleule ilimopigwa.

Redio hiyo, hata hivyo, haikuzipokea sauti zote kwa usawa. Kituo cha mawimbi ya kati hupewa nafasi finyu, na kwa kawaida hakiwezi kupitisha vema mitetemo inayozidi kiasi cha 4,500 kwa sekunde, yaani hezi 4,500. Kwa upande wa chini, spika ndogo ya redio ya betri hudhoofika sana chini ya hezi 200 hivi. Basi mngurumo wa ngoma kubwa hupotea chini, na mng'aro wa njuga na kayamba hupotea juu. Sauti ya mtu na ya gita hubaki katikati, salama. Kwa njia hii chombo chenyewe kiliipendelea bendi ya magita kuliko ngoma ya jadi, hata pale watangazaji walipotaka kuzitendea haki zote mbili.

Jibu la msikilizaji nalo lilibidi kutafuta njia nyingine. Wasikilizaji walituma kadi za salamu na maombi ya nyimbo kwa posta, na majina yao yakasomwa hewani siku nyingi baadaye. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili walisikiliza redio wakiwa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na kitabu chake, kisha wakajadiliana na kutenda. Hapo ushiriki haukutoka ndani ya redio. Uliletwa na watu waliopanga kukaa pamoja mbele yake.

Kaseti na simu

Kaseti, iliyotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, iliondoa kikwazo cha dakika tatu: kaseti ya dakika 90 ilichukua dakika 45 kila upande. Tena kila mwenye kinasa sauti aliweza kunasa na kunakili.

Leo simu ya mkononi hufanya kazi hiyo, nayo ina upendeleo wake. Simu iliundwa kwanza kwa ajili ya mazungumzo. Mara nyingi hujirekebisha yenyewe, ikipandisha sauti ndogo na kushusha kubwa, hata tofauti kati ya pigo zito na jepesi ikafifia. Na matangazo ya moja kwa moja kwa simu huchelewa, pengine kwa sekunde kadhaa. Mtazamaji aliye mbali huweza kuandika sifa na kutuma fedha, lakini hawezi kuitikia kibwagizo kwa wakati.

Jambo hili lina uzito kwa shule. Wazee wanaozijua ngoma za Waha na za watu wengine wa Kigoma wanapungua, na kitakachonaswa huenda ndicho kitakachobaki. Anayenasa kwanza aombe ruhusa ya wenye ngoma. Asiisogeze simu karibu mno na ngoma kubwa, kwani sauti itapasuka. Anase tangu mwanzo hadi mwisho, na aandike yale ambayo simu haiyashiki: nani alisimama wapi, nani aliitikia, na kwa nini wimbo ulikoma pale ulipokoma.

Jaribio

Mwanafunzi mmoja apige ngoma uwanjani pigo moja kila sekunde, akiangalia saa. Mwenzake apige kofi kila anaposikia pigo, huku akirudi nyuma polepole. Akifika karibu mita 86, mpigaji atasikia kofi katikati kabisa ya mapigo mawili, kwa maana sauti imekwenda na kurudi kwa nusu sekunde. Akifika karibu mita 173, kofi litaangukia tena juu ya pigo, lakini litakuwa jibu la pigo lililopita. Wanafunzi wapime umbali huo kwa kamba na kukokotoa mwendo wa sauti. Kisha wote waimbe wimbo wa kuitikiana, na watafute ni umbali gani unaovunja uitikiaji.