Sura ya 7: Kamera Pana na Meza ya Fundi

Filamu yenyewe ipo. Kodak bado inatengenezwa Rochester, Marekani. Harman inaendelea na filamu za Ilford katika kiwanda cha Mobberley, Uingereza. Na mtu mwenye beseni, kipimajoto na dawa mbili tatu bado anaweza kusafisha filamu nyeusi na nyeupe jikoni kwake. Anayetaka kujua upigaji picha wa filamu unaelekea wapi asihesabu mikanda iliyopo dukani. Aende akakae karibu na meza ya fundi, aone ni kamera zipi fundi anazipokea na zipi anazirudisha kwa mwenyewe bila hata kuzifungua.

Kamera iliyouzwa kwa wingi haifi kirahisi. Pentax K1000 ilitengenezwa tangu 1976 hadi 1997, na ziliuzwa zaidi ya milioni 3. Mashine yake yote ni chuma, springi na gia. Betri inahudumia kipimo cha mwanga tu, ikiisha shata linaendelea kufanya kazi. Ikivunjika moja, zipo nyingine nyingi zilizovunjikia kwingine, na fundi anafanya vilevile anavyofanya fundi wa simu wa Kariakoo: anachinja mbili ili aponye moja. Kiwanda kilishaacha kutoa vipuri siku nyingi, lakini mizoga bado inavitoa.

Kamera ya kazi maalumu haina mizoga ya kutosha. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wachache wenye haja moja mahususi: kupiga picha chini ya maji, kupiga mandhari pana, kupiga majengo bila kuyainamisha. Waliozinunua walizitumikisha, na walioziacha nyuma yao ni wachache. Ndiyo maana ndizo zinazotangulia kuondoka, ingawa mara nyingi ndizo zilizobuniwa kwa akili nyingi zaidi.

Tuanze na Nikonos, ambayo mzamiaji yeyote wa umri fulani anaikumbuka. Ilizaliwa kama Calypso, kamera iliyobuniwa na Mbelgiji Jean de Wouters kwa ajili ya Jacques Cousteau na wenzake; Nikon ikachukua leseni na kuitoa kwa jina la Nikonos mwaka 1963. Haikuhitaji kutiwa ndani ya boksi. Mwili wake wenyewe ndio uliozuia maji, kwa pete za mpira zilizopakwa grisi kila mahali palipokutana sehemu mbili. Pete za nje mwenye kamera alizitoa, akazipangusa mchanga na kuzipaka grisi mwenyewe. Zile za ndani, zinazokumbatia mihimili ya vitufe, zilihitaji fundi, kwa sababu mpira huzeeka hata kamera ikiwa kabatini. Chumvi ikipenya ndani ya Nikonos III, ambayo ni mitambo mitupu, kuna matumaini: ioshwe haraka kwa maji matamu, ifunguliwe, ikaushwe. Ikipenya ndani ya Nikonos RS ya mwaka 1992, kamera ya reflex iliyojilenga yenyewe chini ya maji, imeingia kwenye saketi, na saketi hizo hakuna anayezitengeneza. Nikonos ya mwisho iliachwa kutengenezwa mwaka 2001.

Mgawanyiko huo, wa mitambo upande mmoja na saketi upande wa pili, unaonekana waziwazi zaidi kwenye kamera za panorama, na hapo nitakaa.

Widelux ilitengenezwa na Panon, kampuni ndogo ya Japani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Lenzi yake ya milimita 26 imefungwa ndani ya pipa dogo lililosimama wima, na nyuma ya pipa hilo upo mwanya mwembamba. Filamu nayo haikunyooka. Imepindishwa kufuata mzunguko wa pipa. Ukibonyeza kitufe, pipa linazunguka kutoka upande mmoja hadi mwingine huku mwanya ukiupaka mwanga kwenye filamu, na picha inayotoka inachukua upana wa nyuzi 140. Ukuta ulionyooka mbele yako utatoka umepinda. Na kwa kuwa pipa linachukua muda kumaliza safari yake, upande mmoja wa picha ni wa baadaye kuliko upande wa pili. Mwigizaji Jeff Bridges, aliyeibeba Widelux miaka mingi kwenye seti za filamu zake za sinema na kuchapisha kitabu cha picha hizo mwaka 2003, aliutumia muda huo vizuri sana: mwigizaji mwenzake anakunja uso pipa likianza, anakimbia kwenda upande wa pili, anacheka pipa likimalizia, na picha moja inamwonyesha mara mbili, mwenye huzuni na mwenye furaha.

Wasovieti walikuwa na ukoo wao wa kamera za namna hii. FT-2 ilibuniwa na Fyodor Tokarev, yuleyule wa bastola ya TT, na baadaye kiwanda cha Krasnogorsk kikatoa Horizont na Horizon. Nazo pia huugua maradhi ninayotaka kuyaeleza.

Pipa la Widelux linasukumwa na springi kupitia msururu wa gia. Kasi ni tatu tu: 1/15, 1/125 na 1/250 ya sekunde. Mafuta ya gia yakizeeka huwa mazito, na pipa linasita kidogo njiani, kwa kitambo ambacho jicho halikioni. Filamu inakiona. Pale pipa liliposita mwanga umepita mwingi zaidi, na anga ya picha inatoka na mistari ya wima iliyopauka. Fundi anayeijua kazi hiyo anaanza kwa kuisoma picha kabla ya kushika bisibisi. Mistari ikiwa imepangana kwa nafasi sawa, anashuku gia moja inayorudia kosa lake kila inapozunguka. Ukiwa mmoja tu mwanzoni, anashuku jinsi pipa linavyoanza safari. Kisha anafungua, anaosha gia kwa benzini, anazikausha na kutia mafuta kwa ncha ya sindano, kidogo mno, maana yakizidi yanatambaa hadi yasikotakiwa. Kazi hiyo inataka subira na mkono usiotetemeka. Haihitaji kibali cha kiwanda wala kompyuta, na ndiyo maana Widelux iliyotoka kiwandani kabla babu yake mtu hajastaafu inaweza kurudi kazini leo.

Sasa XPan. Ilitoka mwaka 1998, ubia wa Hasselblad ya Sweden na Fujifilm ya Japani, ambako iliuzwa kwa jina la TX-1. Haina pipa. Lenzi zake, za milimita 30, 45 na 90, zinamwaga taswira pana kuliko inavyohitajika kwa filamu ya kawaida ya milimita 35, kwa hiyo badala ya fremu ya 24 kwa 36 inapiga ya 24 kwa 65, na mistari iliyonyooka inabaki imenyooka. Unaweza kuhama kutoka fremu moja kwenda nyingine katikati ya mkanda uleule. Mkanda wa picha 36 unatoa panorama 21. Siku hizi kamera kadhaa za dijitali, zikiwemo za Hasselblad na Fujifilm wenyewe, zina chaguo la 65 kwa 24, lakini hizo zinapunguza juu na chini ya picha iliyokwisha kupigwa. XPan iliongeza upana. Kwa mpiga picha aliyezoea kusogea hadi fremu ijae, tofauti hiyo ni kubwa.

Tazama inavyopokea filamu. Ukifunga mgongo, mota inavuta mkanda wote kutoka kwenye kopo lake kabla hujapiga hata picha moja. Kisha kila unapopiga, fremu iliyopigwa inarudishwa ndani ya kopo. Mgongo ukifunguka kwa bahati mbaya, picha ulizokwisha kupiga ziko salama gizani. Ni ubunifu wa mtu aliyewahi kuwahurumia wapiga picha. Lakini kila hatua yake inaamriwa na saketi. Hakuna mkono wa kuvutia filamu pembeni. Saketi ikinyamaza, kamera nzima imenyamaza, hata kama kila gia na kila lenzi ni nzima.

Mwaka 2003 ikafuata XPan II. Tarehe 1 Julai 2006 ikaanza kutumika sheria ya Umoja wa Ulaya inayozuia vitu vya sumu kwenye vifaa vya umeme, na miongoni mwavyo ni madini ya risasi yaliyokuwa kwenye waya wa kulehemu. Kuuza XPan Ulaya baada ya hapo kungedai saketi zake zibuniwe upya, wakati soko lilikuwa limegeukia dijitali. Haikufanyika, na kamera ikakoma. Siilaumu sheria. Risasi inayotupwa jaani huishia kwenye maji ya watu, na hakuna picha inayofidia hilo. Ninachosikitikia ni kilichofuata: Hasselblad sasa haizitengenezi tena XPan zinazoharibika. Fundi wa kujitegemea anaweza kurekebisha kipima masafa, kubadili sponji za kuzuia mwanga, kusafisha lenzi. Saketi kuu ikifa, anachoweza kufanya ni kutafuta XPan nyingine iliyokufa kwa ugonjwa tofauti.

Kampuni hazifanyi hivi kwa roho mbaya. Zinaweka akiba ya vipuri kwa miaka kadhaa baada ya uzalishaji kufungwa, na akiba ina mwisho. Canon iliacha kuuza EOS-1V, kamera yake ya mwisho ya filamu, mwaka 2018, ikaahidi kuihudumia hadi Oktoba 2025, huku ikionya kwamba tangu 2020 ingeweza kukataa kazi ambayo vipuri vyake vimekwisha. Tangazo kama hilo angalau linampa mwenye kamera nafasi ya kujipanga.

Pamoja na vipuri huondoka watu. Pentax ilipoamua kutengeneza upya kamera ya filamu, mradi ulioongozwa na Takeo Suzuki na kuzaa Pentax 17 mwaka 2024, wahandisi vijana walilazimika kuwaendea wazee waliokwisha kustaafu. Michoro ilikuwepo. Lakini mchoro unakuonyesha umbo la kipande, haukuambii kwa nini kilipewa umbo hilo, wala kisogezwe hadi wapi ndipo mkono wa kuvutia filamu uteleze vizuri. Wazee wale walikuwa bado hai na walikubali kusema. Ni bahati ambayo kamera nyingi hazitaipata.

Panon haikuwa nayo. Widelux iliachwa kutengenezwa, na kiwanda chake kikateketea kwa moto mwaka 2005. Hata hivyo mwaka 2024 Jeff Bridges na mkewe Susan, pamoja na wahariri wa jarida la SilvergrainClassics la Ujerumani, walitangaza kwamba wanaifufua kwa jina la WideluxX, ikitengenezwa kwa mikono Ujerumani kwa kufuata mfano wa Widelux F8. Hilo linawezekana kwa sababu F8 haifichi kitu. Ukiifungua, kila gia inaweza kuhesabiwa meno na kupimwa unene, na kinachopimika kinaweza kuchongwa. XPan ni changa kuliko Widelux kwa miaka karibu 40, walioitengeneza ni kampuni mbili kubwa ambazo zote zipo, na bado hakuna anayeweza kuifanyia hivyo, maana nusu ya kamera hiyo ni maagizo yaliyofungiwa ndani ya chipu. Chipu huwezi kuipima kwa rula.

Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kutengenezewa vifaa. Inataja mashine za kufulia, majokofu, simu na vinginevyo. Kamera hazimo kwenye orodha. Ningependa ziingizwe, na kwa kamera za kazi maalumu ningeomba jambo moja dogo zaidi ya vipuri: siku kampuni inapotangaza kwamba haitaihudumia tena kamera fulani, itoe hadharani mwongozo wake wa ufundi, michoro ya saketi na programu ya chipu yake. Haitauza XPan moja pungufu kwa kufanya hivyo, kwa kuwa haiuzi hata moja. Na mafundi wa kuzipokea nyaraka hizo wapo. Kila mmoja ana droo yenye XPan iliyonyamaza, ambayo mwenyewe hajakubali itupwe.