Shoka Lisikunjike, Lisivunjike



Huko Ifo, kambi iliyofunguliwa mwaka 1991 karibu na Dadaab katika Garissa, shoka ni chombo cha kila siku. Linakata mathenge, linachonga mbao za mkokoteni wa punda, linatengeneza ua. Likikunjika, siku imepotea. Likivunjika, kipande kinaruka, na jicho la mtu linaweza kupotea.

Wengi hudhani nguvu ya shoka inatokana na nyundo tu. La. Nyundo inatoa umbo. Nguvu inatokana na jinsi chuma kinavyopashwa moto na kupozwa. Kuna hatua tatu.

1. Chagua chuma kinachofaa

Chuma kigumu kina kaboni ndani yake, yaani asili ileile iliyo katika makaa. Springi kuukuu ya lori ina kaboni kama nusu asilimia, au zaidi kidogo. Inafaa sana. Chuma laini cha madirisha kina kaboni kidogo mno. Hata ukichovye mara mia hakitakuwa kigumu.

Hebu jaribuni hivi. Pasheni kipande kidogo mpaka kiive kwa wekundu, kichovyeni majini, kisha kipigeni tupa. Tupa ikiteleza, chuma hicho kinafaa. Ikikila, wekeni kando. Tena ulizeni kimetoka wapi: mabomba ya kisima na vyuma vya nguzo za umeme ni mali ya watu wote.

2. Choma na kuchovya

Kazi yetu inaitwa jua kali, lakini hatua hii ifanyeni kivulini. Kwenye jua huwezi kuona rangi ya moto sawasawa. Mkiwa na sumaku ya spika ya redio mbovu, mna kipimo kizuri. Chuma kikifika karibu digrii 770 hakishikwi tena na sumaku. Ongezeni moto kidogo tu, kisha chovyeni makali yake. Sehemu ya tundu la mpini isichovywe, ibaki laini.

Kwa springi, mafuta ya kupikia ni bora kuliko maji, maana maji hupoza kwa ghafla mno na chuma hupasuka. Wekeni kifuniko cha bati karibu, mafuta yakishika moto mfunike. Msimwage maji juu yake.

Ndani ya chuma kumetokea nini? Kwenye moto mkali kaboni huyeyuka na kuenea ndani ya chuma. Kikipozwa ghafla, inanaswa humo, na chuma kinakuwa kigumu kama kioo. Na kama kioo, kinavunjika.

3. Kirudishie moto

Hapa ndipo mafundi wenye haraka wanapokosea. Wanachovya, wananoa, wanauza. Shoka hilo ni la hatari.

Sugueni makali kwa jiwe mpaka yang'ae. Kisha pasheni moto pole pole kutoka upande wa kisogo. Mtaona rangi zikitembea kuelekea makali: manjano kama majani makavu, karibu digrii 220, kahawia, karibu 255, zambarau, karibu 280, halafu buluu, karibu 300. Kisu kiachwe kwenye kahawia. Shoka lifike zambarau au buluu, kisha lipozwe hapo hapo. Ugumu umepungua kidogo, lakini sasa linastahimili kishindo.

Mbona tusiyeyushe tu na kumimina?

Alumini huyeyuka kwa digrii 660, ndiyo sababu mafundi wanaweza kusubu sufuria katika kalibu za mchanga. Chuma cha springi kinahitaji zaidi ya digrii 1,400. Moto wetu wa makaa na mvukuto haukitoshi. Wanaosubu alumini wakumbuke: kalibu yenye maji inalipuka. Na betri za gari zisiyeyushwe kabisa. Huko Owino Uhuru, Mombasa, risasi ya kiwanda cha betri iliwadhuru watoto na wazazi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia.

Ujuzi upewe heshima

Kwa Wasomali, uhunzi tangu zamani ni kazi ya Watumal. Kwa Waborana, ya Watumtu. Watu walitumia visu na mikuki yao, lakini hawakutaka kuoana nao. Basi, mzee anayejua rangi za moto kwa macho tu ni hazina. Mpeni kiti katika kikundi, na vijana wakae karibu naye.

Ya kujadili katika kikundi

- Mashoka yetu yaliyoharibika yalikunjika au yalivunjika? Hatua gani ilikosewa?
- Nani kati yetu anajua uhunzi, na tumemsikiliza?
- Tuna miwani ya kukinga macho? Tutaipataje?