Jiwe Katika Figo: Kungojea ao Kupasuliwa?



Mtu anashikwa na maumivu makali ubavuni, yanashuka mpaka kinenani. Anageuka huku na huku, hapati namna ya kulala. Pengine mkojo una damu. Wengi wanasema: «Ni mgongo, ni sababu ya kubeba vyuma.» Lakini maumivu ya namna hii mara nyingi ni jiwe la figo.

Jiwe linatoka wapi? Kazi ya joto inatoa jasho jingi. Mtu asipokunywa maji ya kutosha, mkojo unakuwa mchache na mzito. Chumvi zilizo ndani yake zinashikamana, zinakuwa jiwe. Jiwe likiingia katika mrija unaoshusha mkojo toka figo mpaka kibofu, linaufunga. Hapo maumivu yanaanza.

Kwenye lopitali, munganga anapima mkojo na damu, anapiga picha apate kujua ukubwa wa jiwe na mahali lilipo. Kisha anaweza kusema: «Rudi nyumbani, tutangojea.» Jamaa wanakasirika, wanafikiri mgonjwa wao ametupwa. Sivyo. Jiwe lisilofika milimita 5 mara nyingi linatoka lenyewe pamoja na mkojo. Kupasua ao kuingiza vyombo katika mrija kuna hatari yake. Kwa nini kujitia katika hatari hiyo bure?

Lakini kungojea si kusahau. Kuna sheria 3:

1. Meza dawa ya maumivu uliyoandikiwa tu. Nyingine zinazouzwa sokoni zinaweza kuumiza figo.

2. Chuja mkojo wako kwa kitambaa safi. Jiwe likitoka, mletee munganga alipime.

3. Rudi siku uliyopewa, hata kama maumivu yamekwisha. Maumivu yanaweza kunyamaza na jiwe lingali ndani. Figo iliyofungwa inaharibika polepole bila kelele. Kwa kawaida wanganga hawapitishi juma 4 mpaka 6. Jiwe lisipotoka, wanaliondoa. Si kila mara kwa kisu: tangu mwaka 1980, kule Munich, Ujerumani, wanganga walianza kuvunja mawe kwa mawimbi yanayopita mwilini bila kupasua.

Wakati gani usingojee hata kidogo? Homa ao kutetemeka kwa baridi pamoja na maumivu ya ubavu; mkojo kukatika kabisa; kutapika bila kukoma; maumivu yasiyosikia dawa. Hata mama mwenye mimba na mtu mwenye figo moja waende upesi.

Homa ndiyo mbaya kuliko yote. Usiseme «ni malaria», ukameza vidonge na kulala. Pengine mkojo wenye vijidudu umefungwa nyuma ya jiwe. Hapo dawa peke yake haitoshi: lazima wanganga wafungue njia ya mkojo bila kukawia, la sivyo mtu anaweza kufa. Mama, ukiona mume wako anatetemeka hivyo, usingoje kupambazuke. Mpeleke usiku ule ule.

Na wewe uliye mzima, tazama mkojo wako. Ukiwa wa rangi nzito, umekunywa maji machache. Beba chupa yako ya maji kazini, punguza chumvi katika chakula. Na bia, ndugu, si dawa ya jiwe.