Gobore la Babu

Bunduki kuukuu zinazokutwa katika uwanda wa Ufipa ni za aina tatu. Lipo gobore la kushindilia, lililopanda uwandani na misafara ya pembe na watumwa katika karne ya 19. Ipo bunduki ya marisau yenye mitutu miwili, iliyoachwa na wamisionari na maofisa wa kikoloni. Na lipo gobore la mhunzi, lililoungwa kwa bomba la maji au chuma cha usukani wa gari. Aina mbili za kwanza zinafaa kuhifadhiwa. La mhunzi ni la kusalimisha polisi, kwani chuma chake hakikukusudiwa kuhimili mlipuko hata mmoja.

Gobore lilidumu huku kwa sababu za kisiasa pia, wala si ufukara peke yake. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha za kisasa kuuzwa katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaachia bunduki za gumegume na baruti nyeusi ya biashara. Wafipa nao walikuwa watu wa chuma: matanuru yao marefu ya udongo, malungu, yaliendelea kuyeyusha mawe ya chuma hadi enzi za ukoloni. Si ajabu basi kukuta gobore la Ulaya lenye nyundo au msumari uliofuliwa kijijini. Mkusanyaji asiving'oe, thamani ya kitu hicho imo humo.

Karatasi hutangulia yote. Sheria ya Kudhibiti Silaha na Risasi ya 2015 inadai leseni, na mwenye silaha akifariki mwanawe harithi leseni yake. Maombi huanzia serikali ya kijiji au mtaa, hupita kamati za ulinzi na usalama, kisha polisi. Leseni ya silaha si kibali cha kuwinda. Anayekutwa na gobore karibu na Pori la Akiba la Lwafi, Nkasi, atapata shida kumshawishi askari wa wanyamapori kwamba anakusanya vitu vya kale.

Silaha ikishakuwa halali, isomwe. Chini ya mtutu hupigwa mihuri ya jaribio: Birmingham ina nyumba ya majaribio tangu 1813, na muhuri wa Liège ni herufi ELG ndani ya umbo la yai. Mihuri hiyo hueleza mtutu ulijaribiwa kwa baruti gani, ndiyo maana kuusugua kwa msasa ili ung'ae ni hasara isiyofidika. Namba 12 kwenye bunduki ya marisau ina maana kwamba gololi 12 za risasi zinazoenea mtutuni hufikia uzito wa ratili moja.

Gobore lolote lichukuliwe kuwa limeshindiliwa hadi ithibitike vinginevyo. Mdomo ukielekezwa pasipo na mtu, mdeki huingizwa taratibu hadi ugote, huwekwa alama ya kalamu usawa wa mdomo wa mtutu, kisha hutolewa na kulazwa kando ya mtutu kwa nje, alama ikiwa usawa wa mdomo. Ncha yake ikifika karibu na kifa, mtutu ni mtupu. Ikikomea vidole vitatu au vinne kabla, kuna kitu ndani. Baruti nyeusi iliyobaki kavu haichachi. Iliyowekwa na babu bado inaweza kuua. Haitolewi nyumbani, haisogezwi jikoni, na haifyatuliwi kuimaliza. Huitwa polisi au fundi wa silaha.

Adui wa kila siku ni unyevu, hasa masika ya Sumbawanga yanayodumu kuanzia Novemba hadi Aprili. Masizi ya baruti hunyonya maji na kula chuma, hivyo mtutu huoshwa kwa maji moto na sabuni, hukaushwa kabisa, kisha hupakwa mafuta mepesi. Ala ya ngozi haifai kwa kuhifadhia, huficha kutu. Silaha hufungiwa kwa kufuli, baruti mahali pengine.

Kufyatua ni jambo la mwisho, na si lazima. Fundi apime kwanza unene wa mtutu na urefu wa chumba cha risasi. Bunduki nyingi za zamani zina chumba cha milimita 65. Risasi ya kisasa ya 70 huingia bila kukwama, lakini mdomo wake hukosa nafasi ya kufunguka na shinikizo hupanda. Mtutu wa Damascus, wenye michirizi ya chuma kilichosokotwa, haupewi baruti ya kisasa isiyo na moshi kwa kubahatisha. Gobore hupewa baruti nyeusi tu, iliyopimwa kwa kikombe. Kuimimina moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya baruti ni hatari, kwani kaa lililobaki mtutuni huweza kuwasha pembe nzima mkononi. Miwani huvaliwa. Fataki ikilia bila mlipuko kufuata, mdomo huachwa ukielekea shabaha kwa dakika nzima kabla ya mtu kuugusa, maana moto unaweza kuwa bado unatambaa ndani ya kifa.